UZI MAALUMU: Dark Star Orchestra, kuitambua tarehe kwa sikio na kurekodi onyesho likasikika

#1 Sebene_Refu

Wakuu, habari za jioni. Maswali kuhusu Dark Star Orchestra (DSO), bendi ya Marekani inayoienzi Grateful Dead, yametawanyika kwenye nyuzi nyingi za muziki wa zamani, na kila moja limejibiwa kipande. Tuyakusanye hapa. Yanayoulizwa zaidi ni mawili: shabiki anajuaje bendi inapiga onyesho la tarehe gani kabla haijatangazwa, na anarekodije likasikika vizuri akifika nyumbani.

Kwa mgeni: Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, walipiga kuanzia 1965 hadi 1995, maonyesho takriban 2,300, na orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku. Wimbo ulifunguliwa katikati, wapigaji wakabuni papo hapo dakika kumi au ishirini. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi alifikirie sebene, ila hapa sebene halina mahali pake maalumu na linaweza kuishia ndani ya wimbo mwingine kabisa. Jerry Garcia, mpiga gitaa lao la solo, alifariki 9 Agosti 1995. DSO wakaanza Chicago, onyesho la kwanza 11 Novemba 1997 katika ukumbi wa Martyrs', waanzilishi wakiwa John Kadlecik kwenye gitaa la solo na Scott Larned kwenye kinanda.

Bendi nyingi za kuenzi huchagua nyimbo zinazopendwa. DSO huchukua onyesho moja halisi la tarehe moja, wakapiga orodha yake yote kwa mpangilio wake, kwa idadi ya wapigaji wa wakati ule, milio ya vyombo ya wakati ule, hata nafasi za kusimama jukwaani. Tarehe na ukumbi hutajwa mwishoni. Shabiki anayejua kazi yake huwa amekwisha kuukaribia mwaka kabla ya mapumziko ya seti ya kwanza.

Tahadhari: hawaigi solo noti kwa noti. Wanachokifuata ni mpangilio, mwendo na tabia ya kipindi; ubunifu ndani ya wimbo ni wao. Anayekwenda kusikia solo la onyesho maarufu la Chuo Kikuu cha Cornell la 8 Mei 1977 vile lilivyo kwenye kanda amekosea mlango. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo heshima kubwa wanayompa Garcia, kwa sababu yeye mwenyewe hakurudia.

#2 MtuWaBesi

Shukrani mkuu. Ukiingia ukumbini unaanza kuangalia nini?

#3 Sebene_Refu

Hesabu watu kabla ya kusikia noti. Mambo mawili yanatosha kugawa miaka 30: wapiga dramu ni wangapi, na je, mwanamke yupo kwenye maiki?

Mickey Hart, mpiga dramu wa pili, aliingia Septemba 1967, akaondoka Februari 1971, akarudi jukwaani usiku wa 20 Oktoba 1974. Katikati hapo Bill Kreutzmann alipiga dramu peke yake. Donna Jean Godchaux aliimba kuanzia 1972 hadi 17 Februari 1979. Kwa hiyo:

Dramu moja bila mwanamke, uko 1971 (au mwanzoni kabisa, kabla ya Septemba 1967, na hapo nyimbo zenyewe zitakuambia). Dramu moja na mwanamke, 1972 hadi Oktoba 1974. Dramu mbili na mwanamke, mara nyingi sana ni 1976 hadi Februari 1979, kwa kuwa mwaka 1975 walipiga mara nne tu. Dramu mbili bila mwanamke, ama 1967 hadi Februari 1971, ama 22 Aprili 1979 na kuendelea, alipoingia mpiga kinanda Brent Mydland.

Kundi hilo la mwisho ndilo pana, na sikio lazima lifanye kazi. Ncha zake mbili hazifanani hata kidogo. Kuanzia 1978 hadi mwisho, katikati ya seti ya pili kuna ngoma za wapiga dramu wawili peke yao, halafu magitaa yanarudi bila mdundo wala wimbo. Ukilisikia hilo, futa miaka ya sitini.

#4 Kinanda_Cheusi

Naongezea na kukosoa kidogo hapo kwa Donna. Mwishoni mwa 1973 kuna maonyesho ambayo hakuwepo, alikuwa mjamzito. Ukiona dramu moja bila mwanamke usiandike 1971 haraka. Sikiliza kinanda. Keith Godchaux alianza 19 Oktoba 1971. Piano yake ya kukimbia kati ya gitaa na besi haina mfano kabla ya hapo. Kisha sikiliza nyimbo: "Eyes of the World" ilipigwa mara ya kwanza 9 Februari 1973. Ikitokea, 1971 imekwisha.

Na kwa miaka ya mwisho: kuanzia 1989 gitaa la solo linaweza kutoa mlio wa filimbi au tarumbeta kwa njia ya MIDI, yaani gitaa linaamrisha kifaa cha kielektroniki kitoe mlio wa chombo kingine. Ukisikia filimbi na hakuna mpiga filimbi, uko 1989 au baadaye.

#5 Sebene_Refu

Sahihi kabisa, asante kwa hilo la 1973.

Sasa njia yenyewe. Kila wimbo una tarehe ya kuzaliwa jukwaani, na baadhi zina tarehe ya kufa. Ya kuzaliwa inakupa mpaka wa chini, ya kufa mpaka wa juu. Kazi yako ni kubana mipaka hiyo miwili. Mfano:

Dramu mbili, hakuna mwanamke, kinanda ni ogani ya Hammond ya Brent. Mpaka wa chini: Aprili 1979.
Inapigwa "Althea". Ilizaliwa 4 Agosti 1979, imekusogeza miezi mitatu tu.
Inapigwa "Hell in a Bucket". Mei 1983. Hapo umeruka miaka minne.
Inapigwa "My Brother Esau". Hiyo ilipigwa 1983 hadi 1987 pekee, basi mpaka wa juu umepatikana.
Mwisho wa onyesho, wimbo wa ziada ni "Black Muddy River". Huo ulizaliwa Desemba 1986, Garcia aliporudi baada ya kuugua.

Umebaki kati ya Desemba 1986 na vuli ya 1987. Nyimbo nne zimekutoa kwenye miaka 16 hadi chini ya mwaka mmoja. Hapo unachukua nyimbo mbili zilizofuatana, unatafuta kwenye kumbukumbu za orodha usiku gani zilifuatana hivyo, na mara nyingi yanabaki maonyesho mawili au matatu.

Kosa linaloangusha wengi ni kutumia wimbo ambao HAUJAPIGWA kama ushahidi. "Hawajapiga 'Touch of Grey', basi ni kabla ya 1982." Hapana. Bendi ilikuwa na nyimbo zaidi ya mia mikononi na ilikwepa kurudia wimbo siku zinazofuatana. Kutosikia kitu hakuthibitishi chochote, isipokuwa vile vilivyokuwa vya kila usiku, kama ngoma za seti ya pili.

#6 MtuWaBesi

Kuna orodha fupi ya nyimbo za kukariri? Zote haziwezekani.

#7 Kinanda_Cheusi

Zinazolipa ni chache:

18 Februari 1971, Port Chester: "Bertha", "Wharf Rat", "Loser" na "Playing in the Band" zote zilizaliwa usiku mmoja. Ukisikia yoyote, miaka ya sitini imefutika.
23 Machi 1974: "Scarlet Begonias".
26 Februari 1977: "Estimated Prophet" na "Terrapin Station".
18 Machi 1977: "Fire on the Mountain", ikaunganishwa na "Scarlet Begonias" papo hapo. "Scarlet" inayoishia peke yake haikuambii kitu. Ikiingia kwenye "Fire" umepata mpaka.
31 Agosti 1978: "Shakedown Street".
15 Septemba 1982: "Touch of Grey".
5 Februari 1989: "Standing on the Moon".
22 Februari 1993: "Days Between".

Halafu kuna mitego. "Here Comes Sunshine" ilipigwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, ikapotea, ikarudi Desemba 1992. Ukiisikia, tazama dramu: moja ni 1973 au mwanzoni mwa 1974, mbili ni miaka ya tisini. "St. Stephen" ni ya mwisho wa sitini hadi 1971, ikarudi 1976 hadi Januari 1979, kisha mara tatu tu Oktoba 1983. Ikipigwa bila mwanamke na kinanda kikiwa cha Brent, unajua mwezi!

Mwendo nao unasema. "They Love Each Other" ya 1973 inakimbia. Kuanzia 1976 inatembea. "Friend of the Devil" ya 1970 ni ya haraka, baadaye ikapozwa sana. DSO wanaufuata mwendo wa mwaka husika kwa uaminifu, kwa hiyo dakika ya kwanza tu inakutosha.

#8 Mdau_wa_Kanda

Msisahau usiku wa orodha yao wenyewe. Si kila onyesho la DSO ni la kurudia tarehe. Usiku mwingine wanachanganya nyimbo za vipindi vyote. Dalili: nyimbo mbili ambazo mipaka yake haikutani. Ukisikia "Days Between" na "My Brother Esau" usiku mmoja, acha kutafuta, tarehe haipo.

Na baada ya kutangaza tarehe, mara nyingi wanaongeza wimbo mmoja au zaidi, hasa kama onyesho la asili lilikuwa fupi. Hizo nyongeza haziingii kwenye hesabu. Waliokisia vizuri usiku mzima wakaharibu dakika ya mwisho ni wale waliohesabu nyongeza.

#9 Fundi_Miksa

Nije kwenye kurekodi. DSO wanaruhusu mashabiki kurekodi, kama Grateful Dead walivyofanya tangu zamani hadi wakawatengea warekodi sehemu rasmi Oktoba 1984. Ila ukumbi una neno lake: kuna kumbi zinazokataa stendi, na hapo utafunga maiki kwenye reli kwa kibano. Uliza kabla ya siku. Na kilichorekodiwa hakiuzwi, hilo halina mjadala.

Vifaa vya chini kabisa: maiki mbili za kondensa zinazofanana, za mwelekeo wa kadioidi (zinazosikia zaidi mbele kuliko nyuma), baa ya kuzishikia, stendi inayofika mita 2.5 hadi 3, juu ya vichwa, rekoda yenye umeme wa volti 48 kwa maiki, waya mbili za XLR, pawabenki, gundi ya kitambaa ya kubandika waya sakafuni.

Mahali: karibu na meza ya miksa, katikati. Fundi wa bendi anasikilizia pale, kwa hiyo uwiano wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya eneo lile. Ukisogea pembeni besi inavimba kwa sababu ya ukuta.

Pembe: ukiwa karibu na jukwaa, na ukumbi ukiwa hauna mwangwi mwingi, ORTF, yaani sentimita 17 kati ya maiki na nyuzi 110. Ukiwa mbali, punguza pembe, au elekeza kila maiki kwenye rundo la spika la upande wake. Ukiweka nyuzi 110 mwisho wa ukumbi utarekodi kuta na watu wanaopiga soga.

Kiwango: biti 24, kHz 48. Seti ya kwanza weka vilele kwenye -12 dB. Watu huweka -3 kwa sababu seti ya kwanza ni tulivu, halafu ngoma za seti ya pili zinakuja na sauti inapasuka. Kwa biti 24 hupotezi kitu ukiwa chini. Ukipasua hakuna dawa. Rekoda za biti 32 zinasaidia, ila haziokoi maiki yenyewe ikizidiwa.

Usikate sauti za chini wakati wa kurekodi. Besi ya nyuzi sita ina B ya karibu Hz 31, na ukiweka kichujio cha Hz 80 umeitupa nusu ya kazi ya mpiga besi. Utakata baadaye nyumbani ukiona haja.

#10 Binti_wa_Reli

Fundi, simu haiwezi? Wengi ndicho tulicho nacho.

#11 Fundi_Miksa

Inaweza kukumbusha, si kuhifadhi. Maiki ya simu imetengenezwa kwa maongezi, na ndani kuna kirekebisha sauti kinachoshusha kila kishindo na kupandisha kila ukimya. Matokeo yake bendi ikipiga kwa nguvu sauti inadidimia, ikipoa unasikia watu wakikohoa. Kama huna budi, tafuta programu inayokuruhusu kuzima kirekebisha hicho, funga mtandao, weka simu mahali imara badala ya kuishika mkononi.

Mambo yanayoharibu rekodi mara nyingi, na sababu zake:

Pawabenki inazimika yenyewe. Nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo, na rekoda hula kidogo sana. Ijaribu nyumbani saa nne mfululizo na rekoda yako hiyohiyo, si na simu.

Faili linakatika katikati ya wimbo. Faili la WAV lina kikomo cha GB 4. Kwa biti 24 na kHz 48, stirio, unatumia karibu GB 1 kwa saa, una saa nne na dakika kidogo. Ukipandisha hadi kHz 96 zinabaki mbili, na onyesho ni la takriban saa tatu. Rekoda nzuri inaunganisha faili jipya bila pengo. Hakikisha yako inafanya hivyo.

Kadi inakataa. Ifomati ndani ya rekoda, si kwenye kompyuta, na angalia rekoda inapokea ukubwa gani. Kuna zinazoishia GB 32.

Kitufe kinaguswa gizani. Washa kufuli la vitufe mara tu namba za dakika zinapoanza kukimbia.

Upepo. Sponji inatosha kwa kiyoyozi cha ukumbi. Tamasha la nje, kama Dark Star Jubilee kule Ohio, linataka kava la manyoya.

Na masikio. Kwenye dB 100 muda salama ni dakika 15. Vizibo vya kushusha dB 15 kwa usawa vinakurudisha kwenye 85, ambapo saa tatu hazikudhuru, na muziki unasikika uleule, umepungua nguvu tu.

#12 Mdau_wa_Kanda

Kwa waliopata pia laini kutoka kwenye meza ya miksa na wanataka kuchanganya na maiki: sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Maiki zikiwa mita 20 kutoka kwenye spika, zimechelewa milisekunde 58 nyuma ya laini ya miksa. Chelewesha laini kwa kiasi hicho, kisha rekebisha kwa kuangalia pigo moja la dramu. Ukiacha hivyohivyo kila pigo linasikika mara mbili.

Ukitumia rekoda mbili tofauti, saa zake hazilingani. Tofauti ya sehemu 10 kwa milioni inakuwa zaidi ya milisekunde 100 baada ya saa tatu. Linganisha mwanzo NA mwisho, unyooshe faili moja kidogo. Tumia rekoda moja yenye njia nne ukiweza.

Baada ya hapo kata nyimbo. Pale wimbo unapoingia kwenye mwingine bila kusimama, kata kwenye noti ya kwanza ya wimbo mpya, na kwenye orodha weka alama ya > kati yake. Hifadhi kwa FLAC, faili linalobana sauti bila kutupa kitu. Usigeuze MP3 kuwa FLAC, kilichotupwa hakirudi, na utawadanganya watakaopakua.

Kosa kubwa la majina: tarehe ya folda ni ya usiku DSO walipopiga, kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku. Tarehe ya Grateful Dead inaandikwa ndani, kwenye faili la maelezo, pamoja na ukumbi wake. Ukiita folda 1977-05-08, mtu atadhani amepata kanda ya Cornell. Ndani andika pia maiki, pembe, umbali, rekoda, hatua zote za kuhariri, na nyongeza uzitenge na mstari wake.

#13 Binti_wa_Reli

Na sisi tulio Afrika Mashariki tunasikilizaje? Bando lina mipaka.

#14 Kinanda_Cheusi

Rekodi za mashabiki ziko kwenye Internet Archive, sehemu ya muziki wa jukwaani iliyoanza 2002. Kusikiliza ni bure. Kwa MP3 hesabu takriban MB 100 kwa saa, onyesho zima MB 300. FLAC ya biti 16 ni zaidi ya GB 1, ipakue kwa Wi-Fi. Za Grateful Dead zenyewe ziko hapohapo: zilizorekodiwa na mashabiki unapakua, zilizotoka kwenye meza ya miksa nyingi unasikiliza tu bila kupakua.

Onyesho la moja kwa moja likitangazwa saa mbili usiku ya New York, kwetu ni saa tisa usiku majira yao ya joto, na saa kumi alfajiri wakirudisha saa nyuma. La California saa mbili usiku ni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi yetu.

#15 Binti_wa_Reli

Nianze na rekodi gani ili sikio lijifunze?

#16 Sebene_Refu

Tenga kwanza vipindi viwili vya DSO wenyewe, cha Kadlecik na cha Mattson. Larned alifariki 2005, na Rob Barraco akashika kinanda. Kadlecik aliondoka 2009 kujiunga na Furthur, bendi ya Phil Lesh na Bob Weir waliokuwa Grateful Dead, na Jeff Mattson akachukua solo. Chukua rekodi mbili za kila kipindi cha bendi, zote nne za miaka tofauti ya Grateful Dead: moja ya 1973, moja ya 1977, moja ya 1985, moja ya 1991.

Mwombe mtu akupakulie na abadilishe majina ya faili yawe namba tu. Usisome chochote. Sikiliza seti ya kwanza na karatasi mkononi: dramu ngapi, sauti ya mwanamke, kinanda gani. Kila wimbo unaoujua andika mpaka wake pembeni. Seti ikiisha, andika mwaka mmoja tu, hata kama huna uhakika, kwa sababu ukijiachia miaka mitatu hutajua ulikosea wapi. Sikiliza seti ya pili, usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kisha fungua faili la maelezo, na wimbo uliokupotosha urudie mara mbili, kwanza wa DSO, halafu wa usiku wenyewe wa Grateful Dead.